Mbwa Anayekataa Chakula Baada ya Kuanza Dawa za Wasiwasi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Swali hili huja kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: mbwa ameandikiwa dawa ya kutuliza wasiwasi, ameimeza kwa siku kadhaa, na sasa bakuli linabaki limejaa. Mwenye mbwa hajui kama aendelee na dawa, aikatishe, au ambembeleze mbwa kwa nyama mpaka ale. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Unachukulia kwamba dawa imeandikwa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, ambaye alimpima mbwa uzito kabla ya kupanga dozi. Ikiwa kidonge kilitoka kwenye kabati la dawa za binadamu hapo nyumbani, au kilitolewa kwa ushauri wa muuza duka la dawa, mpigie daktari kwanza, kwa sababu hatua zifuatazo hazikuandikwa kwa ajili ya kurekebisha dozi ya kukisia.

Hamu ya kula kupungua katika wiki ya kwanza au ya pili ya dawa hizi ni jambo la kawaida, na mara nyingi hurudi yenyewe bila dawa kukatishwa. Hata hivyo, kwetu Afrika Mashariki mbwa asiyekula anaweza kuwa na homa ya kupe, na kidonge kikasingiziwa bure huku ugonjwa ukiendelea kumla. Kwa sababu hiyo usikimbilie kubadilisha chakula. Anza kwa kutafuta chanzo.

Dawa zinazohusika, kwa ufupi

Inayolalamikiwa zaidi ni fluoksetini, ambayo kwa binadamu hujulikana kama Prozac na kwa mbwa huuzwa kwa jina la Reconcile. Marekani iliidhinisha Reconcile mwaka 2007 kwa mbwa wenye hofu ya kuachwa peke yao, na katika majaribio yake zaidi kidogo ya robo ya mbwa waliopewa dawa walipungukiwa na hamu ya kula. Inayofuata ni klomipramini, yaani Clomicalm, ambayo huleta zaidi kutapika. Dawa zote mbili huongeza nguvu ya serotonini mwilini, yaani kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva, na kwa kuwa sehemu kubwa ya serotonini iko kwenye utumbo, tumbo huhisi mabadiliko hayo wiki kadhaa kabla ya akili kutulia. Ndiyo maana mwenye mbwa huona madhara kwanza na faida baadaye: fluoksetini inaweza kuchukua wiki 4 hadi 6, na pengine 8, kabla ya kuonyesha kazi yake.

Trazodoni na gabapentini humfanya mbwa awe na usingizi, na mbwa aliyelala hupitwa na mlo. Alprazolamu na diazepamu, kinyume chake, huelekea kuongeza hamu ya kula. Ikiwa mbwa wako anatumia moja kati ya hizo mbili peke yake na amekataa chakula, sababu nyingine itafutwe mapema.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mizani. Kwa mbwa mdogo au wa kati, mizani ya bafuni inatosha: jipime ukiwa umembeba, jipime tena peke yako, kisha toa. Mbwa mkubwa anaweza kupimwa kwenye mizani ya jukwaa ya muuza nafaka au kwenye kliniki, na wenye maduka wengi hukubali ukiomba wakati hakuna wateja.
- Daftari na kalamu, vitakavyokaa pale bakuli lilipo.
- Kikombe kimoja cha kupimia chakula, kisichobadilishwa.
- Kipimajoto cha kidijitali cha mbwa peke yake, pamoja na mafuta ya mgando ya kupaka kwenye ncha.
- Orodha ya kila kinachoingia au kupakwa kwenye mwili wa mbwa: vidonge, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, mkanda wa kupe wa shingoni, shurubati, dawa za mitishamba.
- Namba ya simu ya daktari, na namba ya pili ya kliniki inayofunguliwa usiku au Jumapili ikiwa mjini kwenu ipo.

Hatua za kufuata

1. Andika hali yake kwa namba. Sentensi kama "hali chakula vizuri" haimsaidii daktari. Andika tarehe ya kuanza dawa, saa ya kidonge, vikombe vya chakula ulivyoweka, vikombe vilivyoliwa, kama amekunywa maji, kama ametapika, na sura ya kinyesi. Mpime uzito leo, hata kama umechelewa kuanza, kisha umpime kila baada ya siku 3 au 4 saa ileile, kabla hajala. Kama bado hujampa kidonge cha kwanza una bahati: andika ulaji wake wa wiki moja kabla ya dawa, kwa sababu wapo mbwa ambao hawakuwahi kumaliza bakuli tangu mwanzo na wenye mbwa hao hawakulitambua hilo mpaka walipoanza kuchunguza.

2. Ondoa shaka ya homa ya kupe na magonjwa mengine. Hatua hii ndiyo inayorukwa na watu wengi. Inua mdomo wa juu wa mbwa mahali penye mwanga wa mchana utazame fizi: zinapaswa kuwa za waridi na zenye unyevu, na ukizibonyeza kwa kidole zigeuke nyeupe kisha zirudishe rangi ndani ya sekunde 2 hivi. Fizi zilizopauka au zenye rangi ya manjano, mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa, damu puani, na madoa madogo mekundu tumboni ni dalili za ugonjwa, si za kidonge cha wasiwasi.

Kisha pima joto. Mbwa apumzike kivulini kwanza, maana mbwa aliyetoka kukimbia juani Dar es Salaam saa saba mchana atakupa namba ya uongo. Paka mafuta kwenye ncha ya kipimajoto, iingize taratibu sentimita 2 hadi 3 kwenye njia ya haja kubwa, na umwombe mtu mwingine amshike kichwa kwa upole. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi, kwa hiyo usishtuke ukiona 38.5, ambayo kwa mtoto wako ingekuwa homa. Likizidi 39.4 akiwa ametulia kivulini, mpeleke akapimwe damu. Mwisho mkague kupe ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia na chini ya mkanda wa shingo. Kutoona kupe leo hakumaanishi kwamba hakuumwa wiki iliyopita, kwa hiyo hali ya fizi na joto vina uzito kuliko idadi ya kupe.

Fungua pia kinywa umtazame meno. Jino lililovunjika au mfupa uliokwama kwenye kaakaa humfanya mbwa aliendee bakuli kwa hamu, adondoshe tonge, kisha aondoke.

3. Kagua dawa zinazogongana, ukianza na dawa ya kuogeshea kupe. Amitrazi, inayouzwa kwa majina kama Triatix na Taktic, ipo karibu kila duka la pembejeo za mifugo, na watu wengi huogesha mbwa kwa maji yaleyale yaliyochanganywa kwa ajili ya ng'ombe. Dawa hiyo haitakiwi kutumika pamoja na fluoksetini wala klomipramini. Maelekezo ya fluoksetini ya mbwa yanataka zipite siku 14 tangu amitrazi itumike kabla ya kuanza kidonge, na wiki 6 tangu kidonge kiachwe kabla ya kurudi kwenye amitrazi. Zaidi ya hayo, amitrazi peke yake inaweza kumlegeza mbwa na kumwondolea hamu ya kula, kwa hiyo ukimwogesha Jumamosi na kuanza kidonge Jumatatu hutajua ni kipi kinachomsumbua. Mwambie daktari ukweli hata kama aliyemwogesha ni kijana wa shambani bila wewe kujua, na uombe dawa nyingine ya kupe.

Mtajie pia tramadoli (dawa ya maumivu), dawa yoyote ya usingizi, na dawa za kifafa ikiwa mbwa anazitumia. Kama alipewa kapsuli za binadamu, soma namba iliyo kwenye kapsuli. Kipimo cha kawaida cha fluoksetini kwa mbwa ni miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, ilhali kapsuli ya kawaida ya binadamu ina miligramu 20. Mbwa wa kilo 8 akipewa kapsuli nzima anapata miligramu 2.5 kwa kilo, kiasi kinachozidi kipimo hicho, na hapo kukataa chakula si ajabu. Ukiona hesabu ya namna hiyo mpigie daktari siku hiyohiyo. Usifungue kapsuli ukagawa unga kwa kijiko.

4. Tambua ni kukataa kwa aina gani. Keti mbali kidogo umtazame kwa mlo mmoja mzima bila kumsemesha. Mbwa mwenye kichefuchefu huja akiitwa, hunusa, hulamba midomo mara mbili tatu, humeza mate bila kuwa na kitu kinywani, kisha hugeuza kichwa pembeni kana kwamba bakuli lina moshi. Wengine hutokwa na udenda au hutoka nje kutafuna majani. Mbwa mwenye usingizi hainuki kabisa, au hula matonge mawili na kulala hapohapo. Mbwa aliyezoea kubembelezwa hulitazama bakuli, kisha hukutazama wewe, kisha hulitazama jokofu.

Aina ya nne haihusiani na dawa hata kidogo. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa peke yake mara nyingi hagusi chakula mwenye mbwa akiwa kazini, kisha hukimaliza chote kwa dakika chache mlango unapofunguliwa jioni. Vivyo hivyo kwa mbwa anayeogopa radi wakati wa masika, au fataki za mkesha wa Mwaka Mpya. Huyo kinachomzuia kula ni hofu, na kumpunguzia dozi kutamwongezea tatizo.

5. Tenganisha kidonge na mlo. Usikizike kidonge ndani ya bakuli la chakula. Mbwa akikiuma na kuonja uchungu wake mara moja tu, atalishuku bakuli lote, na utakuwa umetengeneza tatizo ambalo dawa yenyewe haikulileta. Tumia matonge matatu madogo ya kitu kisicho sehemu ya mlo wake, kama kipande cha yai la kuchemsha au nyama laini. Tonge la kwanza halina kitu, la pili lina kidonge, na la tatu alione mkononi mwako kabla hajamaliza la pili, ili ameze haraka. Baada ya hapo apate maji au tonge jingine, kidonge kisikwame kooni. Ukipenda siagi ya karanga, soma kwanza orodha ya viambato: zailitoli, sukari mbadala inayowekwa kwenye baadhi ya vyakula na shurubati, ni sumu kali kwa mbwa, na imo hata katika baadhi ya gabapentini ya maji ya binadamu.

Klomipramini ni vizuri itolewe pamoja na chakula kidogo, kwani hiyo hupunguza kutapika. Fluoksetini inaweza kutolewa akiwa ameshiba au ana njaa, lakini mbwa mwenye kichefuchefu huivumilia vizuri zaidi baada ya kula. Ikiwa dalili ulizoziandika zinakuwa mbaya zaidi saa chache baada ya kidonge, muulize daktari kama saa inaweza kuhamishwa kutoka asubuhi kwenda jioni.

6. Badilisha ratiba kabla ya kubadilisha chakula. Gawa kiasi chake cha siku katika milo midogo mitatu au minne. Mlo mkubwa uwe alfajiri au baada ya jua kuzama, kwa kuwa joto la mchana katika miji ya pwani hupunguza hamu ya kula hata kwa mbwa asiyetumia dawa yoyote. Weka bakuli mahali patulivu, mbali na mbwa wengine, kwa dakika 20, kisha liondoe bila maneno wala kumkaripia. Chakula kinachoshinda nje huvuta sisimizi na kuchacha, na harufu yake humchukiza zaidi mbwa mwenye kichefuchefu. Maji, kwa upande mwingine, yawepo saa zote na yabadilishwe mara kwa mara.

7. Ongeza ladha kwa kiasi, na kwa kitu kimoja kwa wakati. Anza kwa kuongeza maji ya uvuguvugu kwenye chakula chake cha kawaida, yasiyozidi joto la mwili, kisha subiri dakika chache harufu ipande. Kwa mbwa wengi hilo linatosha. Lisipotosha, ongeza vijiko viwili vya supu ya kuku au ya mifupa iliyochemshwa bila kitunguu, bila kitunguu saumu, bila chumvi na bila viungo vya mchuzi vya pakiti, kwa maana viungo hivyo mara nyingi huwa na unga wa vitunguu, na vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa.

Hatua inayofuata ni kuchanganya robo ya mlo wake na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala mifupa, au samaki aliyetolewa miba yote, pamoja na wali laini. Kwa mbwa aliyezoea ugali, dagaa waliooshwa mchanga na kulowekwa hadi chumvi itoke huleta harufu anayoijua. Kipande kidogo cha ini la kuchemsha kinaweza kumfungua mbwa aliyegoma, ila kisiwe cha kila mlo. Mafuta ya nyama, ngozi ya kuku wa kukaanga na mabaki ya sherehe yaachwe, kwa kuwa mafuta mengi yanaweza kuwasha kongosho na kumletea mbwa ugonjwa mkubwa kuliko ule uliokuwa ukijaribu kuutatua. Chokoleti, zabibu na mifupa iliyopikwa havifai kabisa.

Kuku na wali ni chakula cha siku chache tu. Hakina madini ya kutosha, hasa kalisi. Mbwa akishaanza kula, punguza nyongeza hizo kidogokidogo ndani ya wiki moja.

8. Linganisha namba zako na mipaka ifuatayo. Mbwa aliyekomaa anayekula angalau nusu ya chakula chake, anayekunywa maji na kuchangamka, anaweza kufuatiliwa nyumbani kwa wiki mbili za mwanzo, daktari akiwa anajua. Asiyekula kitu chochote kwa saa 24, mpigie daktari. Akifika saa 48 bila kula, apelekwe hata kama anaonekana mzima. Mtoto wa mbwa, mbwa wa jamii ndogo sana na mbwa mjamzito hawasubiri muda huo: piga simu akikosa mlo wa pili mfululizo. Kwa mwenye kisukari piga simu mlo wa kwanza tu unapomshinda, na kabla ya sindano ya insulini.

Kuhusu uzito, pungufu ya asilimia 5 inastahili simu, na asilimia 10 inastahili safari. Kwa mbwa wa kilo 24, hizo ni kilo 1.2 na kilo 2.4. Ukimtazama kwa macho tu, hasa mwenye manyoya mengi, hutaona kilo moja ikiondoka.

9. Mpelekee daktari daftari, na uliza kuhusu njia zilizopo. Daktari anaweza kushauri kusubiri, kupunguza dozi kisha kuipandisha polepole, kuhamisha saa, kuongeza dawa ya kichefuchefu kama maropitanti, au kubadilisha dawa yenyewe. Ipo pia kapromorelini, dawa ya kuamsha hamu ya kula iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 mahususi kwa mbwa. Uliza kama inapatikana. Mirtazapini nayo hutumika kuamsha hamu ya kula, lakini kuichanganya na fluoksetini au klomipramini kunahitaji uangalifu, kwa hiyo hakikisha anayeiandika anajua mbwa anameza nini tayari.

Baada ya dozi kupunguzwa, usitarajie bakuli kuwa tupu kesho yake. Fluoksetini na masalio yake hukaa mwilini kwa siku kadhaa, na mabadiliko ya ulaji huonekana taratibu. Watu wengi hukata tamaa siku ya tatu na kubadilisha jambo jingine, kisha hawajui ni lipi lililosaidia.

Makosa yanayorudiwa sana

Kubwa kuliko yote ni kukatisha dawa ghafla. Mbwa aliyetumia fluoksetini au klomipramini kwa wiki nyingi anapaswa kushushiwa dozi kwa mpango wa daktari, na aliyezoea alprazolamu au diazepamu kila siku anaweza hata kupata degedege akikatishiwa ghafla. Isipokuwa kwa dalili za hatari zilizotajwa hapa chini, simu itangulie uamuzi.

La pili ni kumlisha kwa nguvu kwa bomba la sindano. Chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu, na mbwa mwenye kichefuchefu akilazimishwa chakula fulani anaweza kukichukia hata baada ya kupona.

La tatu ni shurubati za watoto za kuongeza hamu ya kula, ambazo hupatikana kwa urahisi kwenye maduka ya dawa. Nyingi zina siproheptadini, ambayo huzuia kazi ya serotonini na hivyo inaweza kuidhoofisha dawa uliyonunua kwa gharama. Bado kuna suala la vitamu vyake, ambavyo lebo haivitaji kila mara kwa uwazi.

Kulipa dozi iliyosahaulika kwa kutoa mbili siku inayofuata nako ni kosa. Endelea na saa ya kawaida ya dozi inayofuata.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Usimpe dozi nyingine, na umwone daktari mara moja, ikiwa mbwa anatetemeka mwili mzima, ana mboni zilizopanuka, anahangaika bila kutulia, joto lake linapanda, moyo unakwenda mbio au anapata degedege. Dalili hizi zikija pamoja, hasa baada ya dawa mpya kuongezwa au baada ya kuogeshwa kwa amitrazi, zinaweza kuwa za serotonini kuzidi mwilini, hali inayoweza kuua. Vivyo hivyo kwa kutapika mfululizo, kutapika damu, tumbo lililovimba na kuwa gumu, kushindwa kukojoa, au ukali wa ghafla ambao hakuwa nao. Chukua pakiti ya dawa na daftari unapokwenda.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyashughulikia

*Anakula nyama tu na kuacha chakula chake.* Huyu ana hamu ya kula, anachagua. Saga nyama iwe laini na kuichanganya kabisa na chakula ili asiweze kuitenga, kisha punguza kiasi chake kila siku ya pili. Watu wote wa nyumbani wakubaliane, kwa sababu bibi akimpa kipande cha chapati chini ya meza kila jioni, daftari lako halitakuwa na maana.

*Anakula usiku tu.* Kama jumla ya siku inatosha na uzito haupungui, mwache ale usiku. Tazama kama kidonge kinatolewa asubuhi, na umuulize daktari kuhusu kuhamisha saa.

*Ametapika dakika chache baada ya kidonge.* Usirudishe dozi kwa kukisia, hata ukikiona kidonge kizima kwenye matapishi. Andika saa, piga simu, na ufuate atakachosema. Ikitokea mara ya pili katika wiki hiyo, uliza kuhusu dawa ya kichefuchefu.

*Hamu ilirudi, kisha ikapotea tena wiki ya tano au ya sita.* Usichukulie kwamba ni madhara yaleyale yaliyorudi. Jiulize kama dozi ilipandishwa, kama kuna dawa mpya, kama gunia jipya la chakula lina harufu ya ukungu, kisha rudi kwenye hatua ya 2 ukaanze upya na fizi na joto. Homa ya kupe haitazami kalenda ya vidonge vyako.

*Anakula vizuri lakini anakonda.* Hakikisha kwanza kwamba ni yeye anayekula, si mwenzake. Ikiwa ni yeye, apimwe minyoo na damu.

*Amelala siku nzima na halilii bakuli kama zamani.* Mlishe saa ambayo yuko macho zaidi, kwa kawaida kabla ya dozi inayofuata ya trazodoni au gabapentini. Kama anayumba anapotembea au ni vigumu kumwamsha, dozi ni kubwa kwake na daktari aambiwe leo.

*Daktari yuko mbali na usafiri ni wa shida.* Tuma picha ya fizi iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana, picha ya kurasa za daftari, picha ya pakiti ya dawa inayoonyesha miligramu, na video fupi ya mbwa akiwa mbele ya bakuli. Kwa vitu hivyo vinne daktari anaweza kuamua kama usafiri usiku huu au umsubiri hadi siku atakayopita kijijini kwenu.